Seremala Ndani ya Mkoba

Siku ambayo Sindano alimvunja kaka yake pua, alikuwa ameamka na nia njema kabisa. Alioga akiimba. Alipiga pasi gauni lake la bluu. Alipanga mikoba yake kwenye masanduku, akajiambia kwamba kabla jua halijateremka atakuwa na mchumba anayetambulika na ukoo mzima, yaani kaka na shangazi, maana ukoo wenyewe ulikuwa huo. Pua ya mtu haikuwemo katika ratiba.

Jina la Sindano alipewa kwa ajili ya kazi yake na ulimi wake. Kazi ilikuwa kushona mikoba ya ngozi kwa mkono, tundu kwa tundu, kwa uzi uliopakwa nta, bila cherehani. Ulimi ulikuwa ulimi. Waliochomwa na ulimi walikuwa wengi kuliko walionunua mikoba, na ndiyo maana alihitaji maonyesho.

Maonyesho ya kazi za mikono yalichukua siku tatu, ndani ya ghala kuukuu lililowahi kuhifadhi injini. Kila fundi alikuja na mbinu yake ya kuita wateja. Wapo waliogawa karatasi zenye picha, wapo waliopiga muziki, wapo waliotuma picha kwenye simu mpaka vidole vikaota sugu. Sindano, alipokwenda kukagua ghala kabla ya maonyesho, alitazama juu, akaona kapi la chuma lenye mnyororo na ndoano, lililokuwa likinyanyulia injini na ambalo hakuna aliyejisumbua kuling'oa. Akatazama chini, akamwona mpenzi wake, Seremala, kilo tisini na mbili bila viatu. Tangazo likawa limepatikana.

"Sogeeni, jamani, sogeeni! Mkoba huu unabeba nguo, unabeba vitabu, unabeba mwanamume mzima na ahadi zake zote! Nani mwingine hapa ana mkoba wa kubeba ahadi za mwanamume?"

Hapo Seremala aliingiza miguu yote miwili ndani ya mkoba mkubwa wa safari, akashika mkanda wa bega kama mtoto kwenye bembea. Mkanda ukatiwa kwenye ndoano, makuli wawili wakavuta mnyororo, kree, kree, mpaka nyayo zake zikapita vichwa vya watu. Huko juu alifungua gazeti akasoma, akageuza ukurasa, akapiga mwayo. Kwa siku mbili watu walicheka sana na kununua kidogo. Kicheko hakina bega la kuvalia mkoba.

Lakini siku ya tatu kulikuwa na jambo zito kuliko Seremala.

Kaka yake Sindano alikuwa na duka la nyama, na watu walimwita Bucha. Shingo yake ilianzia masikioni. Siku chache kabla ya maonyesho, saa sita mchana, Sindano alimfuata dukani akamkuta anakata mifupa.

"Kaka, nataka kuolewa."

"Na nani?"

"Unamjua."

Panga likashuka, pwa! "Simjui."

"Na Seremala."

Pwa! Kipande cha mfupa kikaruka kikagonga ukuta. "Nilishakuwa na seremala mmoja maishani mwangu. Alinitosha."

Alimaanisha baba yao. Baba yao alikuwa seremala mzuri sana, na asubuhi moja alitoka kwenda kununua misumari. Mpaka leo misumari haijapatikana. Bucha alikuwa na miaka kumi na minne. Aliacha shule akaenda kubeba mizoga mgongoni ili mdogo wake ale. Tangu hapo, akipita penye mbao zinazorandwa hutema mate.

"Huyu si baba, kaka."

"Hata baba alikuwa mtu mzuri mpaka asubuhi ile." Akalifuta panga kwenye aproni. "Nasikia unataka kumning'iniza kwenye maonyesho."

"Kwenye mkanda nilioushona mwenyewe."

"Basi siku ya mwisho nitakuja. Mkanda ukimbeba, nitamwita shemeji mbele za watu. Ukikatika, hatakaa akaribie kivuli chako, na wewe hutamfuata. Neno?"

"Neno," alisema Sindano, na hakufikiri mara mbili. Alijua mkanda wake kama anavyojua vidole vyake. Fundi anayeijua kazi yake ana kiburi kitamu, na kitamu, kama tujuavyo, huozesha meno.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi ya siku ya tatu Seremala alipofika na shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Shangazi alikuwa nyuma ya meza, anafunga mikoba kwenye karatasi.

"Shangazi, ananukaje leo?" aliuliza Sindano kwa kunong'ona. Miaka tisa ya gundi ilikuwa imemuua pua. Hakunusa moshi, hakunusa manukato, na harufu ya mwanamume wake alikuwa akisimuliwa.

"Mbao mbichi na woga," alisema Shangazi.

Seremala alimwinamia Sindano. Macho yao yakakutana, na Sindano akasahau alikuwa ameshika nini mkononi. Mtu yule alikuwa na macho ya taratibu. Hayakumrukia mtu, yalikuja, yakakaa, yakasubiri kukaribishwa.

"Ulilala?" aliuliza Sindano.

"Nilijaribu. Usingizi uliniambia nina kesi asubuhi."

"Unaogopa mkanda?"

"Mkanda uliushona wewe, niuogopee nini? Namwogopa kaka yako." Akatabasamu kama mtu mwenye zawadi mfukoni. "Ila leo unang'aa, mkanda wako. Umeuona?"

"Nta yangu hiyo," alisema Sindano kwa majivuno. "Nilijua itakubali."

Seremala alifungua mdomo, akaufunga, akazidi kutabasamu.

Bucha akaja saa nne kamili, moja kwa moja kutoka dukani, aproni ina madoa na kisu kimo kiunoni kwenye ala yake. Hakumsalimu Seremala. Aliuchukua mkoba wa safari, akageuka nao kwenye mwanga, akainamisha uso juu ya mkanda akakaa hivyo muda mrefu, mkono wake wa kulia chini, karibu na kisu.

"Kaka, unatafuta nini?"

"Unang'aa huu."

"Nta."

"Nta." Bucha alimtazama dada yake, neno likamfika menoni likarudi. "Haya. Mpandishe tuone."

Mtangazaji wa maonyesho, kijana mwembamba mwenye kipaza sauti na maneno mengi kuliko damu, alikuwa ameshanusa habari ya dau. "Mabibi na mabwana! Acheni vikapu, acheni vyungu! Leo mapenzi yanapimwa kwa ndoano! Mwamba wetu huyo anaingia mkobani, mguu wa kulia, mguu wa kushoto... Shemeji mtarajiwa amekunja mikono, uso wake hauna hata sentensi moja ya salamu!"

Watu wakajaa mpaka mlangoni. Kree, kree. Seremala akapanda. Safari hii hakufungua gazeti. Alimtazama Sindano tu, akipanda, na Sindano alimtazama yeye, na kati yao mnyororo ukawa unalia kiungo kimoja kimoja. Magoti yake yakafika usawa wa macho ya watu. Nyayo zake. Sindano akaanza kucheka kwa raha.

Ta!

Mkanda ulilia kama kuni kavu. Seremala alishuka pamoja na mkoba, kidevu chake kikakutana na ukingo wa meza, meza ikavunjika katikati, na jino moja likaruka likatua kwenye mapaja ya Shangazi. Seremala alilala juu ya mbao, hatikisiki, damu inamtoka mdomoni na kuingia kwenye shati jeupe.

Fundi yeyote angeuangalia mkanda kwanza. Sindano hakuuangalia. Alimwangalia kaka yake, akakiona kisu kiunoni, akauona tena ule mkono wa asubuhi.

"Umeukata!"

"Nini?"

"Umeukata mkanda wangu!"

Nyundo ya mbao aliyokuwa akigongea ngozi ilikuwa karibu na mkono. Hakuna aliyemwona akiichukua. Waliona tu imefika. Pua ya Bucha ilifanya sauti ya karanga kupasuka, na mtu ambaye ng'ombe wazima hawakuwahi kumwangusha akakaa chini, puu, kwenye sakafu ya saruji.

"Lahaula!" alisema Mtangazaji. "Sindano ameingia!"

Nyundo ilipanda tena. Ikashuka begani. Ikapanda, ikashuka kwenye kiwiko. "Nilikuamini! Wewe ndiye baba yangu! Wewe ndiye mama yangu! Umeniulia mtu!"

Bucha hakumpiga. Hakuwahi kumpiga maishani, na hata sasa, damu inamjaza mdomo, alimshika tu viganja vyote viwili, akampokonya nyundo, akamsukuma kando kama anavyosukuma mlango. Kisha akasimama. Alihitaji mtu wa kupiga, na mtu huyo alikuwa anajiinua taratibu kutoka kwenye mbao za meza.

"Kaka..." alianza Seremala.

"Nani kaka yako?"

Ngumi ya kwanza ilimrudisha Seremala alikotoka. Ya pili ilimfunga jicho. Ya tatu Seremala aliikwepa, akashika kipande cha mguu wa meza, maana mbao ni mbao hata zikivunjika, akamchapa Bucha nacho ubavuni mpaka kikakatika. Bucha akamkumbatia kiunoni akamnyanyua, akambeba hatua tano, akamtupa kwenye meza ya mfinyanzi. Vyungu vikalia. Mfinyanzi naye akalia.

"Wazee wamekwenda kwa vyungu!" Mtangazaji alikuwa amepanda juu ya kiti. "Bucha anatafuta shingo! Seremala anatafuta hewa!"

"Mpige!" alipiga kelele Shangazi.

"Nani, mama?" aliuliza jirani.

"Yeyote! Mradi wasije upande wa mikoba!"

Wakaja upande wa mikoba. Seremala, jicho moja limezibwa, alipapasa akapata mkoba wa kahawia, akauzungusha kwa mkanda wake kama kombeo ukamkuta Bucha shavuni. Bucha akaukamata. Huyu akavuta huku, yule akavuta kule. Waliburutana kwa mkanda mmoja kupita meza ya sabuni, kupita vikapu, wakaangusha pazia, wakakanyagana vidole, na kila mmoja alivuta kwa nguvu zote alizopewa na mama yake. Mkanda ukalia, ukanyooka, na haukuachia.

Aliyechoka kuvuta kwanza alikuwa Bucha. Mkono wake ukashuka kiunoni.

Hata Mtangazaji alishusha kipaza sauti chake. Kisu kile kilikuwa chembamba, kimenolewa mpaka kimepungua upana, na Bucha alikishika kwa namna ambayo watu wengine hushika kalamu.

"Kaka, hapana!" Sindano alipenya kati ya watu.

Kisu kikaja. Seremala aliinua mkoba mbele ya kifua na kisu kikazama kwenye ngozi, kikakwama kwenye tabaka la pili. Bucha akakichomoa. Kikaja tena, chini, tumboni, mkoba ukakipokea. Mara ya tatu kilikata kidole cha Seremala kabla ya kukwama. Kisha Bucha akambamiza ukutani, akamkandamiza koo kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapanda na kisu, na Seremala hakuwa na pumzi wala mkoba, umemponyoka.

Bucha alihisi kitu kidogo, baridi, chini ya sikio.

Ulikuwa msharasi, chuma kile chenye ncha cha kutobolea ngozi. Nyuma yake alikuwa dada yake.

"Weka kisu chini."

"Ondoa kijiti chako."

"Kila siku natoboa ngozi ngumu kuliko yako, kaka. Weka chini."

"Utanichoma kwa ajili ya seremala?"

"Nitakuchoma kwa ajili ya mkanda wangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na iliwatisha watu kuliko kelele zote za mwanzo. Ncha ikaingia kidogo. Tone la damu likashuka taratibu kuelekea kwenye kola ya Bucha. Mkono wa Sindano haukutetemeka. Huo ulikuwa mkono uliozoea kusukuma chuma ndani ya ngozi na kukitoa upande wa pili, na mwenyewe alijua kwamba unahitaji kusukuma mara moja tu.

"Si yeye!"

Sauti ilitoka kwa Seremala, kupitia koo lililobanwa na meno yaliyopungua.

"Nyamaza, nakuokoa," alisema Sindano.

"Sindano, si yeye. Mkanda... ni mimi."

Bucha alilegeza mkono kwa mshangao. Seremala akakohoa damu, akavuta pumzi.

"Umeukata wewe?" aliuliza Sindano.

"Nimeupaka vanishi."

Mahali fulani chungu kimoja kilichochelewa kikaanguka na kupasuka.

"Umeupaka nini?"

"Vanishi. Jana mchana, ulipokwenda kuleta uzi. Nilitaka ung'ae siku yako. Nilipaka mikono mitatu, nikapitisha na msasa katikati."

"Msasa!"

"Ule laini. Ungekuwa mbao, ungedumu miaka ishirini."

"Ni ngozi, mwanamume wewe! Ngozi inapumua! Ukiifunga hivyo inakauka, inapasuka penye kona!" Akageuka akauokota mkanda uliokatika, akautazama kwa mara ya kwanza. Penye ndoano ulikuwa umepasuka nyufa ndogondogo kama tope la kiangazi. Hapakuwa na mkato wa kisu. Alibaki ameushika. Kisha akamtazama kaka yake, pua ile iliyolala upande, tone lile shingoni.

"Ungenyamaza," alimwambia Seremala, "ningeamini ni yeye mpaka nakufa. Ungenipata."

"Ungemchoma."

"Ningemchoma."

"Basi ningekupata wewe na maiti ya kaka yako katikati ya kitanda." Seremala alijifuta mdomo kwa mkono uliokatwa, akazidi kujichafua. Jicho lake moja lililobaki lilikuwa limejaa machozi. "Yule amekulea. Mimi ni mtu uliyemning'iniza siku tatu. Dau nimelipoteza mwenyewe. Naondoka, Sindano. Usinifuate, mlipeana neno."

Akajitenga na ukuta. Alipiga hatua tatu, anachechemea, na watu wakampisha njia. Sindano alifumba macho. Neno lilikuwa lake, alilitoa mwenyewe mchana kweupe, na kila hatua ya mguu ule mbovu ilimpita kifuani kama msharasi.

"Simama," alisema Bucha.

Seremala akasimama.

"Nilinusa." Bucha alikuwa akikitazama kisu chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akakitupa sakafuni. "Asubuhi. Ngozi hainuki vile. Nashika ngozi tangu nina miaka kumi na minne. Nilijua itapasuka penye ndoano. Nikanyamaza."

"Kaka!"

"Nilitaka aanguke."

"Angevunjika shingo!"

"Nilitegemea mguu," alisema Bucha kwa unyonge.

Shangazi alisonya sonyo refu hata Mtangazaji akatamani kulitangaza.

Sindano aliweka msharasi mezani. Alikuwa analia, lakini kilio chake hakikuwa cha kuhurumiwa. Kilikuwa cha mtu anayetafuta cha kurusha. "Mmoja ameiharibu kazi yangu kwa sababu ananipenda. Mwingine ameiacha iharibike kwa sababu ananipenda. Mna midomo mikubwa kama milango ya ghala, na hakuna hata mmoja aliyeufungua akaniambia! Sasa watu wote hawa wanakwenda nyumbani kusema mkanda wa Sindano umekatika. Miaka tisa! Miaka tisa vidole vyangu vinatoka damu!"

"Samahani, dada," ilisikika sauti upande wa kushoto.

Alikuwa mama mmoja mwenye miwani, ameubeba ule mkoba wa kahawia mikononi kama mtoto mchanga. Alikuwa ameingiza kidole kwenye tundu la kisu. "Huu uliochomwa mara tatu. Kwa ndani kisu hakijafika. Unauzwa?"

"Nilikuwa nimeuona mimi kwanza!" alisema bwana mmoja nyuma yake. "Mimi nataka mkanda kama ule waliovutania!"

"Na mimi!"

"Pangeni foleni!" Shangazi alikuwa ameshasimama. "Foleni! Na damu isiguse mali!"

Sindano alijifuta uso kwa gauni la bluu. Aliutwaa ule mkoba kwa mama mwenye miwani, akaukunja mkanda karibu na sikio, akausikiliza kwa urefu wake wote. Ngozi nzima hainyamazi, hunong'ona. Ulinong'ona kutoka mwanzo hadi mwisho. Akautandaza mkoba chini ya ndoano, akaupanua mdomo.

"Ingieni."

"Nani?" waliuliza Bucha na Seremala pamoja.

"Wote wawili."

"Dada, mimi siwezi kuingia kwenye mkoba na—"

"Kaka. Nimekuvunja pua kwa kosa ambalo hukulifanya, nitakuomba radhi mpaka uzeeni. Lakini kwa lile ulilolifanya, ingia. Na wewe, mpaka vanishi, ingia."

Bucha aliangalia huku na huku akitafuta mlango, akakuta watu. Akaingiza mguu mmoja. Seremala akaingiza mmoja. Mguu wa pili haukuwa na nafasi, ikawa kila mmoja auning'inize nje, na ili wasianguke hapakuwa na njia nyingine: wakakumbatiana, mkanda katikati, pua iliyovunjika juu ya shavu lililovimba.

"Kilo mia mbili na ushee!" Mtangazaji alikuwa amerudiwa na sauti. "Damu mbichi, chuki kavu, na mkanda mmoja wa ngozi! Makuli, vuteni!"

Kree. Kree. Walipoachana na sakafu kwa urefu wa mtu, Sindano alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alikwenda akasimama chini yao kabisa, uso juu, mikono kiunoni.

"Toka hapo!" Bucha aliunguruma.

"Sitoki."

"Sindano, tafadhali," alisema Seremala, "umechomwa kisu mara tatu, umevutwa—"

"Nani ameushona?"

Makuli wakasita, mnyororo mikononi.

"Nauliza, nani ameushona?"

"Wewe," walisema wote wawili.

"Endeleeni kuvuta."

Mkanda ulinyooka mpaka ukawa mwembamba kama kidole. Kila tundu la sindano lilionekana, na uzi ndani yake, mweupe, umeuma. Tone la damu, sijui la nani, lilimwangukia Sindano kwenye paji la uso, na hakulifuta. Makuli walivuta mpaka mnyororo ukaisha. Kisha wakaufunga, na wale wawili wakabaki huko juu wakizunguka polepole, kama nyama dukani.

Ukashika. Watu walihesabu kwa sauti mpaka sitini, kisha wakachoka kuhesabu wakaanza kupiga makofi.

"Pua yako inanivujia," alisema Seremala huko juu.

"Sogeza sikio."

"Nilisogeze wapi?"

Wakazunguka mzunguko mzima. Bucha aliongea tena, chini kwa chini, lakini ghala lilikuwa na mwangwi na hakuna aliyekosa neno. "Ungeweza kunyamaza, na ungempata."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilitaka kukimbia. Ukanisimamisha."

Bucha alipumua kwa mdomo, maana pua ilikuwa imefunga duka. Mikono yake, iliyokuwa imeshika shati la Seremala kwa kulazimika, ikashika vizuri zaidi. "Shemeji," alisema.

"Hatujasikia!" Mtangazaji alinyoosha kipaza sauti juu.

"SHEMEJI!" Bucha alinguruma, na vumbi la miaka ishirini likashuka kutoka kwenye paa. "Haya, tushusheni!"

Makuli walimtazama Sindano. Sindano alikuwa ameshatoka chini yao, yuko mezani, yaani kwenye nusu ya meza iliyobaki, anampima mama mwenye miwani urefu wa mkanda begani. Aliinua macho. Seremala alikuwa akimtazama kutoka juu kwa lile jicho moja, taratibu kama kawaida yake, limekuja, limekaa, linasubiri.

"Wewe sijakusamehe," alimwambia.

"Najua."

"Ukigusa tena ngozi yangu bila kuniuliza!"

"Ipi?" aliuliza Seremala, na ghala zima likaangua kicheko, na Shangazi akajifunika uso kwa karatasi za kufungia.

Sindano alijaribu kukunja uso. Alijaribu kwa bidii ya kweli. Kisha akainama haraka juu ya utepe wake wa kupimia ili wasimwone, na bila kuinua kichwa akawapungia makuli mkono.

"Waacheni huko huko," alisema. "Foleni bado ndefu."